Daktari Ndani ya Simu: Niliyoyasikia Chepilat



Msomaji mmoja ameniandikia kuuliza: hii habari ya kutibiwa kwa video inasaidia kweli, au ni mambo ya kupiga picha siku ya uzinduzi kisha vifaa vinafungiwa stoo? Swali zuri. Nimelibeba kichwani siku kadhaa kwa sababu linanigusa. Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta, na kwa miaka miwili sasa sehemu ya riziki yangu imetokana na programu ya simu za video inayotumiwa na kituo kimoja cha afya karibu na Chepilat. Upande huu wa simu kuna muuguzi, mzazi na mtoto. Upande wa pili kuna daktari wa watoto katika hospitali kubwa ya mbali. Na watoto wenyewe si wa mafua. Ni wenye saratani, wenye moyo ulioharibika, wenye figo zilizochoka.

Jibu langu kwa kifupi: inasaidia, lakini si kwa namna inavyotangazwa. Tangazo husema video inamleta daktari nyumbani. Wahudumu wa afya niliokaa nao wanasema video inamleta daktari bila mikono yake. Mikono hiyo lazima itoke kwa mtu mwingine, na mtu huyo ni yule aliyekaa karibu na mtoto. Akiwepo, na akiwa anaijua kazi yake, mambo huenda. Asipokuwepo, tunatazama sinema tu.

Sitataja jina la mtu wala la kituo. Walionieleza haya walikubali niyaandike, ila familia za watoto zimepitia mengi, na Chepilat ni mahali padogo.

Chepilat ni wapi?

Kwa wasiopajua: ukitoka Sotik ukifuata barabara ya kwenda Keroka na Kisii, utapita soko la Chepilat. Upande mmoja ni Sotik, kaunti ya Bomet. Upande wa pili ni Borabu, kaunti ya Nyamira. Wakipsigis na Wagusii wananunua sukari duka moja. Wakenya wengi walilisikia jina hili mara ya kwanza kwa ubaya, wakati wa vita vilivyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilipochomwa pande zote mbili za mpaka. Siku za kawaida ni mahali pa ndizi, maziwa, bodaboda, na malori ya majani chai yakielekea kiwandani.

Hospitali hazikosekani katika eneo hili. Kuna Kaplong karibu na Sotik. Kuna Tenwek kule Bomet, iliyoanza mwaka 1937 kama zahanati ya wamisionari na ambayo leo inafanya hata upasuaji wa moyo. Kuna Kericho. Lakini mtoto akigunduliwa kuwa na saratani, mara nyingi familia huelekezwa Eldoret, ambako hospitali ya watoto ya Moi ilifunguliwa mwaka 2015, au Nairobi katika Hospitali ya Kenyatta. Hiyo ni safari ya kubadilisha matatu mara mbili au tatu, mtoto akiwa mapajani, na ndoo ndogo ya kutapikia miguuni. Nauli, chakula, pa kulala. Kwa familia inayotegemea malipo ya chai, safari moja inaweza kumeza pesa za mwezi mzima.

Ndiyo maana mtu akisema "tutafanya kwa video" watu hufurahi. Na wana haki ya kufurahi.

Si jambo geni

Tiba kwa mbali ina historia yake. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuunganisha Hospitali ya Kenyatta na hospitali ya Machakos kwa video. Kule Brisbane, Australia, hospitali ya watoto ilikuwa ikizipigia simu za video familia za watoto mahututi walioko majumbani tangu miaka ya 2000, kwa sababu jimbo la Queensland ni kubwa kupita kiasi na wataalamu wako mjini. Kisha corona ikaja, na kisa cha kwanza Kenya kikatangazwa tarehe 13 Machi 2020. Ghafla kila mtu akagundua kwamba si lazima kila mgonjwa apande gari.

Lakini tuseme ukweli. Kwetu mashinani mageuzi hayakuletwa na mpango wa serikali wala na sisi waandishi wa programu. Yaliletwa na WhatsApp, iliyoanza kupiga simu za video Novemba 2016. Kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu, wauguzi wa pale walikuwa tayari wakimpigia daktari kwa simu zao wenyewe, kwa bando lao wenyewe. Mimi nilikuja kuiwekea paa nyumba iliyokwisha kujengwa.

Daktari asiye na mikono

Siku za kwanza niliomba kukaa pembeni nisikilize tu kazi inavyokwenda, pale ambapo wazazi waliruhusu. Nilitarajia kusikia malalamiko juu ya mtandao. Niliyasikia, ndiyo. Lakini jambo lililowasumbua madaktari zaidi lilikuwa lingine kabisa.

Daktari mmoja wa watoto aliniambia hivi: "Mtoto akiingia chumbani kwangu, kabla hajakaa nimeshajua mambo matano. Anavyotembea. Anavyoshika nguo ya mamake. Harufu ya pumzi yake. Uzito wake nikimwinua kumweka kitandani. Kwa video naanzia sifuri."

Fikiria vitu anavyofanya daktari au muuguzi kwa mtoto mgonjwa. Anabonyeza ukucha na kuhesabu sekunde hadi rangi irudi, ajue damu inazunguka vipi. Anabana ngozi ya tumbo aone kama mwili umepungukiwa na maji. Anapapasa chini ya mbavu kutafuta ini au bandama iliyovimba. Anafunua kope la chini na kiganja cha mkono kuona kama damu imepungua. Karibu yote hayo ni kazi ya vidole. Kioo cha simu hakina vidole.

Basi kazi hiyo inahamia kwa muuguzi. Daktari anasema, muuguzi anapapasa na kueleza. "Ini limeshuka kiasi gani, sister?" "Vidole vitatu, daktari." Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna mwongozo wa programu uliowahi kuniambia: daktari yule anamwamini muuguzi, au hamwamini. Kama waliwahi kufanya kazi wodi moja, vidole vitatu ni vidole vitatu. Kama hawajuani, daktari anasita, anauliza mara ya pili na ya tatu, halafu anasema "mleteni tu," na familia inapanda matatu. Video ileile, mtandao uleule, mtoto yuleyule. Tofauti ni kufahamiana kwa watu wawili.

Pale teknolojia inapodanganya

Hapa naomba wasio wa fani yangu wanivumilie kidogo, maana ni muhimu.

Programu nyingi za video zimejengwa kwa ajili ya watu wazima wanaofanya mkutano ofisini. Yangu imejengwa juu ya WebRTC, teknolojia ambayo Google iliiachia kama programu huria mwaka 2011, na ambayo huduma nyingi za mikutano ya video zinaitumia. Ndani yake mna vifaa vinavyosafisha sauti. Vinatafuta kelele zinazoendelea bila kubadilika sana, kama feni au injini, na kuziondoa ili maneno yasikike vizuri.

Sasa jiulize: pumzi ya mtoto anayehema kwa shida inafanana na nini machoni pa kompyuta? Inafanana na feni. Mlio mwembamba wa kifua, mkoromo, kilio kidogo kisicho na nguvu, vyote programu inaweza kuvichukua kuwa kelele na kuvifuta, kwa bidii kabisa, ikidhani inasaidia. Afisa wa kliniki alimsikia mtoto akihema kwa kelele chumbani, na daktari aliyeko mbali akasema, "Mbona anapumua vizuri?" Hakuna aliyesema uongo. Programu ilikuwa imemfuta mgonjwa na kubakiza mazungumzo.

Picha nayo ina ujanja wake. Kamera ya simu hurekebisha rangi yenyewe ili watu wapendeze. Mtoto aliyepauka kwa kukosa damu, akikaa chini ya balbu ya manjano au karibu na dirisha lenye pazia la kijani, anaweza kuonekana ana afya kuliko mimi. Tena mtandao ukipungua, programu hupunguza fremu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika anapumua haraka mno, na wa mwaka mmoja hadi mitano ni mara 40. Huwezi kuhesabu pumzi 50 kwenye picha inayoganda kila baada ya sekunde nne. Muuguzi anahesabu mwenyewe kwa saa yake ya mkononi na kusema namba. Mikono tena, na macho.

Halafu kuna mvua. Wasomaji wa Kericho na Bomet wanajua: asubuhi jua, alasiri mbingu zinafunguka, na mara nyingine ni mvua ya mawe. Juu ya mabati, mvua ile inazima kila sauti. Kwa hiyo simu zikapangwa asubuhi. Lakini asubuhi ndiyo saa ya kuchuma chai! Mama akija kituoni saa tatu, majani ya siku hiyo hayachumwi, au yanachumwa na mtu mwingine kwa malipo. Muuguzi mmoja alinieleza kwamba ukiona mama anatazama dirishani wakati daktari anaongea, usidhani hajali. Anahesabu kilo.

Nyumbani kwa watu

Nimesema mabaya mengi, sasa niseme zuri ambalo sikulitegemea.

Kuna watoto ambao ugonjwa umefika mahali ambapo matibabu hayataponyesha tena. Hapo inaanza tiba shufaa, yaani matunzo ya kupunguza maumivu na kumsaidia mgonjwa na jamaa zake kuishi siku zilizopo kwa utulivu. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka 1990, ndiyo iliyofungua njia hii Kenya. Familia nyingi, zikiulizwa, husema mtoto arudi nyumbani. Basi muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii anakwenda nyumbani na simu au tableti, na daktari anaingia kwa video.

Alikuwepo mvulana wa miaka minane mwenye saratani ya damu. Daktari wake alimjua kwa muda mrefu hospitalini kama mtoto mkimya, asiyejibu maswali, anayegeukia ukuta. Siku ya kwanza ya video nyumbani, mvulana alimwomba muuguzi ampe tableti. Akaigeuza dirishani akamwonyesha daktari ndama. Akamweleza jina la ndama, jina la mama wa ndama, ni nani anayemkamua na ni nani asiyeruhusiwa kumgusa. Aliongea kwa dakika kadhaa bila kupumzika.

Daktari aliniambia: "Nilikuwa nimemtibu mtoto ambaye sikuwahi kukutana naye."

Wahudumu wote niliozungumza nao wana kisa cha namna hii. Hospitalini, mtoto na mzazi ni wageni. Wanafuata amri: kaa hapa, vua shati, subiri. Kwenye video ya nyumbani mgeni ni daktari. Anaona kitanda kiko wapi, choo kiko mbali kiasi gani, moshi wa jiko unaelekea upande gani, dawa zimewekwa kwenye kopo lipi. Muuguzi mmoja aligundua kwa njia hiyo kwamba dawa ya maumivu ilikuwa inapimwa kwa kijiko cha chai badala ya sirinji waliyopewa, kwa sababu sirinji ilikuwa imepasuka na mama aliona haya kuomba nyingine. Hospitalini mama angejibu tu "ndiyo, nampa kama mlivyosema."

Lakini hata hapo angalieni: aliyekiona kijiko ni muuguzi aliyekuwa ameketi jikoni. Kamera ilikuwa imeelekezwa kwa mtoto.

Habari nzito na picha iliyoganda

Jambo ambalo wahudumu wanaliogopa kuliko yote ni kutoa habari mbaya. Daktari anaanza sentensi, "Mama, yale majibu tuliyosubiri..." na picha inaganda. Mama anabaki anatazama uso wa daktari ulioachama mdomo. Sekunde kumi, ishirini. Mtandao unarudi na daktari hajui mama alisikia hadi wapi. Arudie? Aendelee? Nimeona madaktari wazoefu wakitokwa jasho kwa jambo hili.

Kuna na lugha. Daktari anaongea Kiswahili. Mama anakielewa cha sokoni, lakini habari za mtoto wake anazisikia kwa Kipsigis, au Ekegusii akitoka ng'ambo ya barabara. Muuguzi anatafsiri. Maana yake ni kwamba maneno mazito kuliko yote hayatoki kwa daktari. Yanatoka kwa muuguzi, mkazi wa pale, ambaye kesho atakutana na mama huyo sokoni. Muuguzi mmoja aliniambia, "Daktari anasema mara moja. Mimi nasema, halafu naishi nayo."

Nyumba moja, bibi wa mtoto, kogo kama wanavyomwita Wakipsigis, alikataa katakata. Alisema kwa adabu kabisa kwamba jambo zito haliletwi na simu, linaletwa na watu, nao wanakaa chini, wanapewa chai kwanza. Wengine wangesema huyo ni mzee asiyependa teknolojia. Wahudumu walimsikiliza, na tangu siku hiyo wakajiwekea sharti: habari mbaya haitolewi kwa video kama hakuna mhudumu wao ndani ya nyumba, ameketi, na chai imenywewa. Daktari anasubiri kwenye kioo. Naona kogo yule aliielewa mifumo kuliko wengi wetu tulioisomea.

Simu ikishakatwa

Hospitalini, daktari akimaliza kuongea na familia, anatembea ukumbini. Anakutana na mwenzake, wanatazamana, anavuta pumzi. Kwenye video anabonyeza kitufe chekundu, na papo hapo amebaki na ukuta. Dakika mbili baadaye simu ya familia nyingine inaita, naye anatakiwa kutabasamu kwa mtoto mwingine.

Yule mvulana wa ndama alifariki nyumbani kwao, maumivu yakiwa yametulizwa, jamaa zake wakiwa wamemzunguka. Muuguzi alikuwepo. Alikwenda matangani, alichota maji, alishika mkono wa mama. Daktari alipokea ujumbe mfupi kati ya wagonjwa wawili. Aliniambia kwamba hakuwa na mahali pa kuuweka. Hakukuwa na kitanda kitupu cha kutazama, hakukuwa na ndugu wa kupa pole. Siku nyingi baadaye bado alikuwa anaona jina la mtoto kwenye orodha ya simu za Jumanne, kwa kuwa hakuna aliyeliondoa.

Na muuguzi naye ana mzigo wake wa upande huu. Namba yake ya simu iko kwa kila mzazi, maana ndiyo namba iliyoanza na WhatsApp. Mama anapiga saa nane usiku, mtoto analia. Usipopokea utajisikiaje? Ukipokea, mumeo na watoto wako wanaamka. Hakuna aliyemlipa kwa saa hizo, na hakuna ripoti inayozihesabu.

Nikizungumzia ripoti: mfadhili mmoja (simtaji) alitaka kipimo kimoja tu, idadi ya simu za video kwa mwezi. Simu nyingi, mafanikio makubwa. Kwa kipimo hicho, simu ya dakika tatu isiyosaidia mtu ni sawa na ile ya saa nzima iliyomzuilia mtoto safari ya bure. Na ziara ya muuguzi kwa miguu baada ya simu haihesabiwi kabisa, kwa sababu haipiti kwenye seva. Nasi tunaoandika programu tunajua: kisichopita kwenye seva, ofisini hakipo.

Tulichobadilisha

Baada ya kuwasikiliza, haya ndiyo mambo tuliyofanya. Mengi ni madogo, na hakuna hata moja linalohitaji akili mnemba.

1. Tumeweka kitufe cha "Sikiliza pumzi". Ukikibonyeza, usafishaji wote wa sauti unazimwa. Kelele zinaingia, kuku wanaingia, lakini pumzi nayo inaingia.

2. Mtandao ukidhoofika, sauti inalindwa kwanza. Picha inabaki moja tulivu, na maandishi yanaonekana pande zote mbili kwamba picha imesimama, ili mtu asidhani ni uso wa kweli.

3. Kabla ya kuanza, muuguzi anaweka karatasi nyeupe karibu na uso wa mtoto. Daktari akiona karatasi ni ya manjano, anajua rangi ya ngozi nayo imedanganywa. Rangi ya kiganja anaitaja muuguzi kwa mdomo.

4. Daktari haoni uso wake mwenyewe kwenye kioo. Kadhaa walisema kujiona ukitoa habari mbaya ni adhabu.

5. Simu ikikatika, kituo ndicho kinachopiga tena. Bando la mama haliguswi.

6. Wazazi wana namba moja ya zamu. Inahamia kwa aliye kazini, si kwa simu ya mtu binafsi.

7. Baada ya simu iliyotiwa alama "nzito", ratiba ya daktari inajifunga dakika kumi na tano, na muuguzi na daktari wanaunganishwa wawili peke yao kwanza. Hili ndilo lililopingwa zaidi na wakubwa, na ndilo wahudumu walilolishukuru zaidi.

8. Mtoto akifariki, hatua moja inaondoa jina lake kwenye ratiba zote na kumjulisha kila aliyemhudumia.

9. Hakuna kurekodi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na kwa mtoto inadai idhini ya mzazi. Lakini hata bila sheria, mama anayelia hapaswi kuwa faili.

Tusipoangalia mikono

Teknolojia inazidi kuja, na ni vyema. Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Septemba mwaka huohuo serikali ilizindua jeshi la wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za mkononi, na programu wanayotumia imejengwa juu ya mfumo huria. Sheria ya Afya ya Kidijitali nayo ilipitishwa mwaka 2023. Vipande vipo.

Hofu yangu ni kwamba tutaona video kama njia ya kupunguza watu. Mkubwa fulani atasema: kama daktari anaweza kuonekana kwenye simu, muuguzi wa nini kwenda nyumbani? Hapo ndipo tutakapoharibu. Kila nilichokiona kilichofanya kazi Chepilat kilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa mtoto anayejua kupapasa, kuhesabu, kutafsiri na kunyamaza.

Tazameni majirani zetu Uganda. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilitengeneza mofini ya maji ya bei nafuu. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni zake ili wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini wenyewe. Hawakuanza na kamera. Walianza kwa kumpa aliye karibu na mgonjwa ujuzi na ruhusa. Video ukiiongeza juu ya hapo, ina mahali pa kusimama. Ukiianza hewani bila hapo, daktari ataona maumivu ya mtoto kwa picha safi kabisa, na hakuna atakayeweza kuyatuliza.

Kwa hiyo, ndugu uliyeniuliza: ndiyo, inasaidia. Inaokoa safari, inamwonyesha daktari ndama, inamruhusu mtoto alale kitandani kwake. Lakini ukisikia kaunti yako inanunua vifaa vya video, usiulize vina kasi gani. Uliza ni nani ataketi na mtoto, amefundishwa nini, analipwa nini, na usiku nani anapokea simu. Wakikosa majibu, basi vile vifaa kweli vitaishia stoo.

Na kwa waandishi wenzangu wa programu: kabla ya kuandika chochote kwa ajili ya hospitali, kaa wiki nzima kwenye benchi la wagonjwa. Funga kompyuta. Sikiliza. Halafu muulize muuguzi anachofanya baada ya simu kukatwa. Programu yako inaanzia hapo.

Ni hayo kwa leo. Nikijaliwa, wiki ijayo tutaangalia jinsi ya kuzima usafishaji wa sauti kwenye WebRTC hatua kwa hatua, kwa wale wanaotaka kujaribu wenyewe. Kaeni salama.